Fimbo Iliyoingia Nyumbani kwa Jina Langu

Wenzangu mliokulia Maskati ile ambayo mapumziko yake ya wiki yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, nyinyi sina haja ya kukuelezeni sana. Mnakumbuka gari lililoachwa juani tangu asubuhi, viti vyake vikiunguza mapaja mpaka tukavitandikia taulo. Mnakumbuka chapati ya mkahawani iliyopakwa jibini na kunyunyizwa krispi, tukiila njiani huku mafuta yanatutiririka mpaka viwikoni. Tulirudi skuli adhuhuri na marinda yetu ya buluu, mashungi meupe yameshakuwa rangi ya vumbi, tukala wali, tukalazwa kwa nguvu, na alasiri tukatoka kucheza nage baina ya nyumba za Ansab, nusu yake bado zinajengwa. Tulikuwa na Kiarabu cha skuli na Kiswahili cha nyumbani, na tukigombana tulitukanana kwa kile kilichotangulia mdomoni. Simu za kutuitia hazikuwepo. Tuliitwa kwa jina kutoka dirishani, na mtaa mzima ukajua nani kaitwa mara tatu na hajaja.

Mnakumbuka pia desturi moja ya nyumba zetu ambayo watoto wa leo wakiisikia watacheka. Kitu cha starehe, mzee hakujinunulia. Mtu mzima mwenye kazi ya serikali, ana watoto na mama yake yumo ndani ya nyumba, hawezi kuingia na kitu cha kuchezea akasema nimejinunulia mwenyewe. Kwa hivyo vitu vya wazee viliingia nyumbani kwa majina yetu. Baba wa rafiki yangu mmoja alipenda michezo ya televisheni kupita kiasi. Mashine yake ilinunuliwa "kwa ajili ya watoto", na watoto waliigusa pale tu yeye alipokuwa kazini. Ami yangu Khalfan, mdogo wake Baba, alimnunulia mwanawe Harith baiskeli ya mtu mzima. Harith alikuwa na miaka minane, miguu haifiki kwenye pedeli. Sote tulijua, na hakuna aliyesema.

Isipokuwa mimi, safari moja, sikujua. Nalitoa hili mapema kwa sababu sitaki kumtega mtu. Baba alinunua fimbo ya kuvulia samaki kwa jina langu, akaichagua kwa wiki nyingi, na mimi nikairudisha dukani. Fimbo ile alikuwa akiihitaji yeye. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi, hakuwa amemwambia mtu, na bila ya fimbo ya namna ile, inayoleta mguso wa samaki mpaka kiganjani, uvuvi wake ulikuwa umefika mwisho. Nilikuwa darasa la sita. Najitetea kwa hilo kila nikikumbuka, na utetezi wenyewe haujawahi kunitosha.

Baba alivua kwa mshipi. Alizaliwa Unguja, akaja Oman kijana, na mengi ya kwao aliyaacha kule kule, lakini mshipi alikuja nao. Uzi aliuzungushia kwenye chupa tupu, akafunga chubwi dogo la risasi la kuuzamisha na ndoana ndogo, na chambo chake kilikuwa mkate uliofinyangwa pamoja na kamba waliopondwa. Ijumaa asubuhi tulikwenda pwani ya Qantab, tukachagua jiwe lenye kivuli, na kazi ikawa kumtafuta tasi. Kwa asiyemjua, tasi ni samaki mwenye kidomo kidogo na miba inayochoma mtu mpaka akalia, na nyama yake ukiikaanga na ndimu na pilipili manga hutaki kingine. Taabu yake ni kwamba havuti. Anachokoachokoa chambo taratibu mpaka kiishe, wewe umekaa unangoja.

"Tasi haumi, anabusu," Baba alikuwa akiniambia. "Ukingoja akuvute, keshakwenda zake."

Aliupitisha uzi juu ya kidole cha shahada, akafumba macho, akatulia. Ghafla mkono uliruka, na tasi yuko juu anametameta. Mimi na mshipi wangu nilisikia mawimbi tu. Nilimwonea Baba fahari mno siku zile, sitaki mdhani nilikuwa mtoto asiye na moyo.

Mwaka ule wa darasa la sita alianza kutoa ndoana tupu. Kwanza alisema maji yamebadilika. Kisha akasema tasi wa Qantab wamekuwa wajanja. Akabadilisha uzi, akabadilisha ndoana, akaongeza kamba kwenye chambo mpaka kikanuka gari zima. Nilikuwa nikimwona akisugua ncha za vidole kwenye jiwe, anasugua na kusugua, nikadhani anajifuta mkate.

Jioni moja, kwenye chai, akasema mbele ya Bibi, "Zuwena akifaulu ntamnunulia fimbo ya kuvulia."

Bibi ni mama yake Baba, na alikuwa na jicho la kupima kila kinachoingia mlangoni. "Mtoto wa kike na fimbo ya kuvulia? Si bora umnunulie cherehani?"

"Anapenda mwenyewe, mama."

Mimi sikuwahi kusema napenda. Lakini zawadi haikataliwi, nikaendelea na mandazi yangu.

Duka lilikuwa Ruwi, nyuma ya mtaa wa mabenki, limebanwa baina ya fundi saa na muuza masanduku. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi, mtu wa Kerala, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, anasema Kiarabu cha dukani na vineno vya Kiswahili alivyookota kwa wateja kama sisi. Fimbo zilijaa ukuta mzima. Baba alikuwa na kanuni yake na aliirudia kila tulipoingia: "Ya rahisi itakatika ncha mwezi wa kwanza. Ya ghali unanunua jina lake. Tutafute ya kati, ile ambayo aliyeitengeneza kazitia pesa kwenye ufito, hakuzitia kwenye rangi."

Basi tukaitafuta hiyo ya kati. Tulikwenda Alhamisi moja, tukenda ya pili, tukenda ya tatu. Baba alichukua kipande cha pamba mfukoni akakipitisha ndani ya kila pete ya fimbo, na pamba ikinasa hata unyuzi mmoja alisema pete ina ufa, itakula uzi, akairudisha ukutani. Aliifunga rili, kile kigurudumu cha kuzungushia uzi, kwenye fimbo, kwa sababu fimbo bila ya rili yake inadanganya uzito, akaiweka juu ya kidole kimoja mbele ya mpini kuona kama italala upande. Aliisukuma ncha kwenye dari. Alitaka ncha iiname peke yake kwa kitu kidogo, na kiuno kibaki kimesimama. Nyingine zilijikunja zote kama mkia wa paka, nyingine hazikujikunja kabisa. Muuzaji alikuwa ameshachoka na sisi, ametuletea chai, amekaa na gazeti lake.

Naomba hapa nimtaje mwanangu, anisamehe. Yeye huchagua fimbo amelala chali, simu usoni, anahesabu nyota ambazo watu asiowajua wameipa. Ana fimbo tatu. Anajua zimetengenezwa kwa kaboni ya namna gani na anaweza kukueleza mpaka chai ipoe. Plastiki ya mpini haijatolewa hata kwenye moja, anasema zitapungua thamani. Nikimwambia twende Qantab, ananiuliza kama kule mtandao unashika.

Alhamisi ya nne Baba alifanya jaribio ambalo mpaka leo naliona. Aliupitisha uzi kwenye fimbo, akanipa mwisho wake, akaniambia niende nao mpaka mlangoni na nisiulegeze. Yeye akabaki ndani, mgongo kwenye kaunta, macho kafumba.

"Uguse kwa kucha," akasema. "Lakini usinambie lini."

Nikaugusa. Kimya. Nikaugusa tena. Kimya. Akabadilisha fimbo, kimya vilevile. Ya tatu aliisikia mara moja, tena kwa kubahatisha. Kisha muuzaji akainuka, akatoa moja kutoka chini ya kaunta, nyembamba, rangi ya mkaa, mpini wa gome jepesi kama la kizibo cha chupa, haina pambo wala maandishi ya dhahabu. Nikaugusa uzi.

"Hapo," akasema Baba.

Nikaugusa kidogo kuliko mara ya kwanza.

"Hapo."

Nikaugusa kwa unywele wangu, wallahi, kwa unywele wa kichwa uliochomoza kwenye shungi.

"Hapo," akasema, akafumbua macho, akaanza kucheka peke yake mbele ya muuzaji. Sikuwa nimemwona akicheka vile tangu mwaka uanze. Nilidhani anafurahi kwa sababu safari za kwenda dukani zimekwisha.

Kwenye karatasi ya fimbo palikuwa na picha ya samaki wa kijani mwenye mdomo mpana kupita kichwa chake. Muuzaji alieleza kuwa huyo ni wa maziwa ya Marekani, na fimbo hii ni ya kumvua kwa upole, uzi mwembamba na kijichambo kidogo kinachochezeshwa mbele yake mpaka ajisahau. Baba akaitazama picha sana. "Huyu simjui," akasema, "lakini nnamjua anayemvua. Mtu wa subira."

Ijumaa yake, baada ya sala na pilau, jamaa walikuwa wamejaa kwetu. Nanyi mnajua kitu kipya kilivyokuwa kikipokewa nyumba zetu. Kinaletwa kati, Bibi anakifukiza udi, halafu kinazunguka mkono kwa mkono na kila mtu anakitia kauli yake. Fimbo ikaletwa. Bibi akaifukiza huku uso kaukunja. Ami Khalfan akaipima mkononi, akainyanyua juu, akaishusha.

"Kaka, hii ndo yote? Au kipande chengine kimesahauliwa dukani?"

Harith, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne na ulimi kuliko miaka yake, akasema, "Hii si ya samaki, hii ya kuchokolea meno." Wakacheka wote, mpaka Mama jikoni. Kwetu sisi kitu kizuri lazima kijaze mkono. Sinia zito, mlango mzito, mkufu mzito, basi na fimbo pia. Baba naye alicheka nao. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, kuwa ameichagua hivyo kwa sababu, na hakulisema. Badala yake alisema, "Ya Zuwena hiyo, kafaulu. Yake mwenyewe, afanye atakavyo."

Mimi nilikuwa nimeshaingia chumbani nalia. Nililia kwa kuona haya tu, haya ya kitoto ya kuwa na kitu kilichochekwa. Ami Khalfan ni mtu mwema, hajawahi kuliona chozi la mtoto akaliacha, na hilo ndilo lililotuponza. Akaja mlangoni. "Usilie mwanangu, nilikuwa nafanya mzaha. Hukumsikia baba'ko? Yako. Tukabadilishe."

Baba alikuwa amejilaza baada ya chakula. Alasiri, maduka yalipofunguliwa, Ami alitupakia mimi na Harith tukenda Ruwi. Muuzaji aliishika ile fimbo nyeusi, akanitazama juu ya miwani yake ya uzi. Akaniuliza kama baba anajua.

"Yangu," nikamjibu. "Kasema nifanye ntakavyo."

Akaitundika ukutani, akanishushia nyingine ya bei ileile, nene, nyekundu, maandishi ya dhahabu kutoka mpini mpaka katikati. Harith akasema sasa hii fimbo. Niliishika njia nzima nimeitoa ncha nje ya dirisha ili watu waione.

Baba tulimkuta kibarazani na kahawa. Nilimkimbilia nayo. Akaipokea, akaiweka juu ya kidole, akaigusisha ncha kwenye sakafu akaisukuma kidogo, na ncha haikuinama. Akapitisha kidole juu ya yale maandishi ya dhahabu, Ami Khalfan anaeleza tulivyopata bahati.

"Umeipenda?" akaniuliza.

"Nimeipenda sana, Baba."

"Mashaallah. Basi khalas."

Sikuona kitu usoni pake, na nimejaribu miaka mingi kukumbuka kama palikuwa na kitu cha kuona. Angesema nini? Alikuwa ameshatangaza mbele ya mama yake na ndugu zake kuwa ni yangu. Kunikaripia kungekuwa kukiri kwamba ilikuwa yake, na kukiri kwamba ni yake kungeleta swali la pili, anaitakia nini fimbo mtu aliyevua kwa mshipi maisha yake yote.

Ile nyekundu ilifaa kutolea mbuzi kisimani. Tulikwenda nayo Qantab na tasi wakala mkate wetu kama walioalikwa, mimi sisikii kitu, na Baba pembeni na mshipi wake kidoleni hasikii kitu. Tulikwenda tena wiki ya pili. Baridi ilipoingia, msimu ambao zamani hatukukosa hata Ijumaa moja, tulikwenda mara mbili tu. Mimi sikujali. Juu ya nyumba palikuwa pamefungwa dishi na Ijumaa asubuhi kulikuwa na katuni, na kuamshwa mapema kulishaanza kunichosha. Nilipoona haniamshi tena nilifurahi. Chupa ya mshipi ilikaa kwenye banda la gari mpaka uzi ukaganda. Mama alikuwa akisema alhamdulillahi, mwanamme amejua kupumzika. Tasi tukala wa sokoni, na Baba alimla bila ya kusema neno, yeye aliyekuwa akimsifu kila mfupa.

Miaka ikapita kama inavyopita. Nilisoma, nikaajiriwa, tukahamia Amerat kwenye nyumba kubwa zaidi. Siku moja, hiyo ni miaka ya elfu mbili na kitu, nilimpeleka Baba hospitali kwa kidonda cha mguu kisichopona. Daktari akamkuta na sukari, tena ya siku nyingi. Akamchoma miguu kwa kijisindano, kisha vidole vya mikono, akimwambia aseme anaposikia. Baba alikaa macho kafumba na hakusema kitu. Daktari akamuuliza ganzi hii tangu lini.

Baba akafikiri. Halafu akanioneshea mimi kwa kidevu. "Tangu huyu yuko darasa la sita."

Daktari akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama na miwani ya Baba mkononi, na duka la Ruwi likanijia lote kwa pamoja.

Ilinichukua miezi kumuuliza. Baba alikuwa mtu wa kuzungumza garini, pale ambapo kila mmoja anatazama mbele, na mimi nilingoja siku tuko njiani wawili tu, tunarudi Amerat, gari zimesimama kwa msongamano baina ya majabali.

"Baba, ile fimbo nyeusi. Ilikuwa yako."

Hakushtuka hata kidogo. "Ilikuwa yetu," akasema.

"Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia nini, mwanangu, na nshasema mbele za watu kuwa yako?" Gari zikasogea kidogo. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa, "Nliifata. Jumamosi yake, nlipotoka kazini. Nkakuta duka limefungwa, saa nane na nusu, si unajua walivokuwa wakifunga mchana. Nkakaa garini mpaka saa kumi, jua lile. Nlisema ntainunua niifiche ndani ya buti la gari, tukifika Qantab ntaitoa. Alipofungua nkatazama ukutani, haipo. Akanambia asubuhi tu kaja mtu kaichukua. Akanambia ilikuja moja, haletewi tena."

"Ukafanyaje?"

"Nkaona haya kutoka mikono mitupu, keshanifungulia mlango. Nkakununulia wewe ndoana kubwa, za kwendea na fimbo yako nyekundu."

Niliziona zile ndoana, nikaiona na pakiti yake. Nilikuwa nimezipokea bila ya kuinua macho kwenye televisheni.

Baba sasa hayupo. Watoto wetu nawaona hawana tabu na mambo haya, na simlaumu mtu. Baba wa siku hizi akitaka kitu anakinunua kwa jina lake, kinamjia mlangoni ndani ya boksi, anakifungua mbele ya mama yake na hakuna anayemuuliza. Akikichoka anakirudisha, na aliyekiuza anamshukuru. Kikiisha dukani anaandikiwa kuwa kitarudi wiki ijayo, na kweli kinarudi. Nimeitafuta ile fimbo huko huko mtandaoni, nikaipata, si moja, ziko nyingi, rangi ileile ya mkaa na mpini wa kizibo, naweza kuagiza kumi leo na kesho kutwa zikafika Amerat. Kila nikifika mahala pa kuandika jina la mpokeaji, nakwama.